"Casual" Maana Yake Nini, na Nani Alituita Hivyo?



Liko neno moja la Kiingereza ambalo kila mmoja wetu analijua, hata yule asiyejua Kiingereza. Neno lenyewe ni "casual". Linasikika kwenye maghala ya tumbaku, kwenye viwanda vya mbao na vya mikate, kwenye mashamba ya kahawa na chai kule Zombo, na kwa wapakiaji wa malori yaendayo mpaka wa Oraba. Hapa Awindiri na kule Koboko, ukimuuliza mtu kazi yake, wengi hutazama chini na kujibu, "Mimi ni casual tu." Anayejibu hivyo huenda amebeba marobota mgongoni tangu watoto wake hawajazaliwa. Analijua ghala kuliko meneja aliyeletwa mwaka jana. Hata hivyo hujitaja kwa jina ambalo hakulichagua, na tena huliongezea "tu".

Neno hilo si dogo. Ndilo linalofunga milango yote. Ukiomba likizo, karani hujibu: wewe casual. Ukiugua ukakaa nyumbani siku tatu, siku ya nne humkuta mtu mwingine mahali pako, na ukiuliza hujibiwa: wewe casual. Ukidai notisi, jibu ni lile lile. Na ukifa, mjane wako akifika getini kuuliza kilichobaki, huambiwa marehemu alikuwa casual. Neno lenye nguvu ya kumnyima mtu likizo, dawa na sanda, lazima tujue limetoka wapi. Hatuwezi kushindana na kitu tusichokijua.

LIMETOKA WAPI

Ukifungua kamusi kubwa ya Kiingereza utaona kwamba neno hili si la Waingereza tangu asili. Walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Kilatini "cadere" ni kuanguka, na "casus" ni anguko, au jambo lililomwangukia mtu bila kupangwa. Humo ndimo lilimozaliwa neno "casual". Lilipoingia katika Kiingereza, zaidi ya miaka 600 iliyopita, lilikuwa na maana ya jambo la bahati, jambo lisilotazamiwa, kama embe linavyokuangukia ukipita chini ya mwembe. Hata neno "chance", yaani bahati, limetoka kwenye mzizi huo huo. Ni jinsi dado inavyoanguka wachezaji wakiirusha.

Baadaye maana zikaongezeka. Jambo linalofanywa bila kujali likaitwa casual. Nguo ambazo si za kazi wala za sherehe zikaitwa casual. Siku hizi ofisi nyingi za mijini zina Ijumaa ya casual, ambapo wakubwa huacha tai nyumbani wakaja na fulana. Wao huwa casual siku moja kwa wiki na huona raha. Sisi ni casual Jumatatu mpaka Jumamosi, na tai yenyewe hatujapata kuivaa.

Huko Uingereza neno hili liliwahi pia kuwa jina la maskini. Katika karne ya 19, nyumba za kutunzia mafukara zilikuwa na mahali palipoitwa "casual ward". Mtu asiye na makao aliingia jioni, akapewa mkate na pa kulala, na kesho yake akavunjishwa mawe au kufumua kamba kuukuu kabla ya kuruhusiwa kwenda zake. Watu hao waliitwa "casuals". Hakuna aliyejali wametoka wapi wala wanakwenda wapi.

Kwa hiyo mwajiri anapokuandika casual, kwa asili ya neno anasema hivi: mtu huyu ameniangukia tu, sikumpanga, simtegemei, leo yupo na kesho hayupo. Sasa sisi tunauliza, je, ni kweli? Mtu anayefika getini saa kumi na mbili asubuhi kila siku kwa miaka sita, ni bahati hiyo? Tajiri amepanga mafuta ya mashine yake. Amepanga magunia, malori na tarehe ya kupeleka mzigo. Amepanga hata faida atakayopata mwisho wa mwaka. Je, katika mipango yote hiyo alisahau kwamba mzigo hubebwa na watu? Hakusahau. Anajua atahitaji mikono 40 kila siku, na anajua ni mikono ya nani. Mikono hiyo haikuanguka kutoka mwembeni.

NDUGU ZAKE WAWILI

Neno hili lina ndugu wawili wa tumbo moja, nao tunawajua vizuri.

Ndugu wa kwanza ni "casualty". Hilo ni jina la majeruhi wa vita au wa ajali, na katika hospitali nyingi ni jina la chumba wanakopelekwa watu walioumia. Mwenzetu akikatwa kidole na mashine, au robota likimwangukia kiunoni, asubuhi alikuwa casual na mchana amekuwa casualty. Maneno hayo mawili hukaa jirani kwenye kamusi, na kiwandani hukaa jirani zaidi. Yule asiyeandikwa ndiye hupewa kazi ya hatari bila glavu wala buti, kwa sababu akiumia ni rahisi kusema hatumjui.

Ndugu wa pili ni "case". Ndiyo kesi, neno ambalo Kiswahili kimelichukua na kulifanya lake. Nalo limetoka kwenye "casus" ile ile: jambo lililotokea, likapelekwa mbele ya mwamuzi. Hapo ndipo tunapoona tumaini. Tumbo lililomzaa casual na casualty lilimzaa pia kesi. Mtu akishaitwa jina la kwanza, na kabla hajapewa la pili, bado anaweza kulishika la tatu. Lakini kesi haiendi kwa machozi, inakwenda kwa ushahidi. Jambo hilo tutalirudia.

SISI TULIKUWA NA NENO LETU

Watu wetu nao wana majina ya kazi ya siku. Hapa West Nile na kwa Waacholi watu husema leja leja. Waganda husema kupakasa. Waswahili husema kibarua. Neno hili la mwisho lina mafundisho makubwa.

Barua ni neno lililotoka Kiarabu, na kibarua maana yake ni barua ndogo. Kamusi za zamani za Kiswahili cha Unguja, zilizotungwa na wamishenari katika karne ya 19, zinaeleza jinsi lilivyogeuka kuwa jina la mtu. Palipokuwa na kazi kubwa, kila mfanyakazi alipewa kikaratasi. Jioni alikirudisha, akalipwa. Watu hao wakaitwa watu wa vibarua, na mwisho mtu mwenyewe akaitwa kibarua.

Ni lazima tuseme ukweli wote. Wengi wa vibarua wale wa kwanza walikuwa watumwa, waliopelekwa na mabwana wao kukodishwa bandarini na mjini, na bwana alichukua sehemu ya ujira. Kwa hiyo jina hili nalo halikuzaliwa mahali pema. Lakini tazameni jambo moja. Hata mtumwa wa kukodishwa, chini ya Sultani, alishika karatasi mkononi. Ilionyesha kwamba leo amefanya kazi na kwamba anadai. Jina lake lilitokana na karatasi yake.

Leo sisi si watumwa. Nchi ina bendera yake tangu 1962. Tunaitwa vibarua, lakini barua yenyewe iko wapi? Jina limebaki, karatasi imeondolewa. Mfanyakazi huandikwa kwa kalamu ya risasi kwenye daftari la nyapara, na daftari lijaapo halionekani tena. Ndiyo maana watu wetu husema "kibarua chake kimeota nyasi". Nyasi huota upesi mahali pasipowekwa alama.

KARATASI YA ZAMANI NA KARATASI TUNAYOITAKA

Hatusemi kwamba kila karatasi ni nzuri. Wazee wetu waliona karatasi mbaya pia.

Kenya ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutumika. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni kama kengele ya mbuzi. Tajiri asipotia sahihi ya kumruhusu, hakuweza kwenda kutafuta kazi kwingine.

Kwetu West Nile ilikuwa namna nyingine. Nchi hii ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha ikawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 ikatiwa katika Uganda. Serikali ya kikoloni iliifanya kuwa hazina ya watu wa kazi. Vijana wa Kilugbara na wa Kialur walikwenda kusini, kwenye mashamba ya miwa ya Busoga na Buganda, kwa mkataba wa miezi waliotia kidole gumba bila kuusoma. Chini ya sheria za mabwana na watumishi za wakati ule, mtumishi aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha alihesabiwa mkosaji, akapelekwa mbele ya hakimu.

Ndugu, tulinganishe zama hizo mbili. Walipotaka tusiondoke, walituandikia. Sasa wanapotaka kututupa siku yoyote, hawatuandikii. Zamani kalamu ilitufunga, leo ukosefu wa kalamu unatufukuza. Nyakati zote mbili kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Tunachodai ni karatasi inayowafunga wote wawili, mwajiri na mwajiriwa, na kila mmoja abaki na nakala yake.

WENZETU WA LONDON NA WA MOMBASA

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Afrika peke yake. Waingereza walioleta neno hili walipigana nalo kwao.

Katika bandari ya London ya karne ya 19, wapakuzi wa meli walikuwa casual karibu wote. Kila asubuhi walijazana getini, na msimamizi alichagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe. Watu walisukumana na kupigana ili waonekane. Waliochaguliwa huenda walipewa kazi ya saa moja au mbili, kisha wakatolewa nje. Agosti 1889 wakagoma. Viongozi wao walikuwa Ben Tillett, Tom Mann na John Burns. Walidai peni 6 kwa saa, na walidai pia kwamba mtu akiitwa kazini asilipwe chini ya saa 4. Mgomo ulichukua kama wiki tano. Njaa ilipokaribia kuwashinda, wafanyakazi wa Australia, nchi ya mbali kabisa, walituma msaada wa zaidi ya pauni 30,000. Wagomaji wakazipata peni 6 zao.

Lakini hata hapo hawakuacha kuwa casual. Ilichukua mpaka 1947 kupata mpango wa taifa, ambapo mpakuzi aliyeandikishwa alilipwa kitu hata siku ambayo meli hazikuja. Ilichukua mpaka 1967 wapakuzi kupewa ajira ya kudumu. Hesabuni: tangu 1889 hadi 1967 ni miaka 78. Na mwaka 1989 serikali ya huko iliufuta mpango ule. Haki iliyopatikana kwa jasho ikikosa ulinzi hunyang'anywa.

Karibu na kwetu ni Mombasa. Bandari ile nayo iliendeshwa na vibarua wa siku. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, waliacha kazi kwa siku 12. Chege Kibachia akawa kiongozi wa shirikisho lao. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule alikamatwa, akapelekwa kuzuiliwa mbali, Baringo. Hata hivyo neno lilikuwa limesikika. Katika miaka ya 1950 bandari ilianza kupunguza watu wa siku na kuongeza watu wa mwezi. Hakuna aliyewapa hayo kwa huruma.

SHERIA YA UGANDA INASEMAJE

Sasa tufike kwetu. Wako matajiri wanaotuambia kwamba casual ni casual hata akikaa miaka ishirini. Huo si ukweli.

Uganda ina Sheria ya Ajira ya 2006, na chini yake zilitungwa Kanuni za Ajira za 2011. Kanuni ya 39 inasema kwamba mtu asiajiriwe kama casual zaidi ya miezi 4. Akifanya kazi mfululizo miezi 4, ana haki ya kupewa mkataba wa maandishi, na tangu hapo si casual tena. Someni vizuri maneno hayo: si casual tena. Hakusemwi "mwajiri akipenda" wala "meneja akimwonea huruma".

Wenzetu wa Kenya nao wana jambo kama hilo katika Sheria yao ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37. Huko mtu wa siku akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, kazi yake huhesabiwa kuwa ya mkataba.

Na wazee wetu walikuwa na sheria hiyo hata kabla ya Bunge. Walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, mtu akikaa nyumbani si mgeni tena, ni mtu wa nyumba. Afanye kazi na ale pamoja na wenyeji. Matajiri wetu wamelipindua neno hilo. Jembe hukupa siku ya kwanza asubuhi, na ugeni hukuachia mpaka uzeeni.

Mtu akiwa mfanyakazi kamili, milango ile iliyofungwa hufunguka. Akitimiza miezi 6 mfululizo, anapata likizo yenye malipo, inayohesabiwa siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi. Notisi ya kuachishwa huongezeka kwa kadiri alivyokaa: wiki 2 ikiwa amepita miezi 6, mwezi mmoja ikiwa ametimiza mwaka, miezi 2 ikiwa ametimiza miaka 5, na miezi 3 akitimiza miaka 10. Mama anayejifungua ana siku 60 za kazi zenye malipo kamili. Wanawake wanaochambua kahawa na tumbaku wakiwa wameketi sakafuni, jambo hili walisikie vizuri. Wengi wao hurudi kazini na kichanga mgongoni kwa sababu wameambiwa kwamba casual hana uzazi.

HILA NNE ZA KUJIHADHARI NAZO

Tajiri naye anaisoma sheria, na pengine ameisoma kabla yetu. Hizi ndizo hila tunazozikuta.

Kwanza, hila ya mapumziko. Mwezi wa tatu ukienda kwisha, watu huambiwa wakae nyumbani wiki mbili, kisha waitwe upya kana kwamba ni wageni.

Pili, hila ya majina. Mtu huandikwa jina moja mwezi huu na jina jingine mwezi ujao, ili daftari lisionyeshe mfululizo.

Tatu, hila ya wakala. Kazi ni ya kampuni, mashine ni ya kampuni, amri hutoka kwa nyapara wa kampuni. Lakini siku ya madai tunaambiwa sisi ni watu wa wakala fulani, na wakala mwenyewe hana ofisi wala kiti.

Nne, hila ya kidole gumba. Huletwa karatasi ya Kiingereza siku ya malipo, wakati watu wana njaa ya fedha, na kila mtu huambiwa abonyeze upesi apishe mwenzake. Tunamjua ndugu mmoja aliyefanya kazi miaka sita katika ghala moja. Alipoachishwa akaonyeshwa karatasi yenye kidole chake, na karatasi ilisema kwamba aliomba mwenyewe kazi ya siku na kwamba hana dai lolote. Hakujua alichobonyeza. Watoto wake wawili waliacha shule muhula ule.

Liko pia jambo la wenzetu wakimbizi, wanaotoka Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi kutafuta leja leja. Matajiri wengine huwachukua kwa ujira mdogo zaidi, kisha hutuambia sisi kwamba wao ndio wametuharibia kazi. Tusikubali maneno hayo. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi. Aliyepunguza ujira si yule mwenye njaa, ni yule mwenye kalamu. Na sisi wa West Nile tusisahau kwamba baada ya 1979 wengi wetu tulikuwa wakimbizi Sudan na Kongo, tukilima mashamba ya watu kwa ujira wa siku. Mkimbizi aingie chamani kama mfanyakazi mwingine yeyote.

WAKO WANAOSEMA KIBARUA NI UHURU

Wako wenzetu wanaosema, "Mimi napenda kibarua. Nina shamba langu la muhogo na simsim. Nikitaka naenda kazini, nisipotaka nalima." Maneno haya si ya kijinga. Hata Mombasa, wapakuzi wengi wa zamani walipenda kazi ya siku kwa sababu hiyo hiyo: siku kadhaa bandarini, siku nyingine shambani. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuishi apendavyo, na sheria haimkatazi.

Lakini tuutofautishe uhuru na jina la uhuru. Aliye huru ni yule anayeweza kukosa kesho na kesho kutwa akarudi bila hofu. Je, wewe unaweza? Jaribu kukosa siku mbili wakati wa palizi, uone kama utalikuta robota lako. Kama huwezi, basi wewe si mtu huru wa kazi ya siku. Wewe ni mfanyakazi wa kudumu anayelipwa kama mpita njia.

TUFANYE NINI

Tulisema kesi huenda kwa ushahidi. Wazee wa pwani wana methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu sisi ni siku zetu, hatuna nyingine. Basi tuziandike.

Kila mfanyakazi awe na daftari dogo. Kila jioni aandike tarehe, kazi aliyofanya, fedha aliyolipwa, na jina la nyapara aliyemwita. Asiyejua kuandika, mtoto wake aliye shuleni amwandikie. Wanaofanya kazi pamoja walinganishe madaftari yao kila Jumamosi, na shahidi mmoja aweke alama yake. Tajiri akificha kitabu chake, vitabu vyetu 40 vitasema. Na akitupumzisha wiki mbili kwa hila, wiki hizo nazo ziandikwe, pamoja na jina la aliyetoa amri.

Hesabuni miezi 4. Ikitimia, usiende ofisini peke yako kuomba mkataba. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mtu mmoja aliyedai leo ndiye atakayekosa kuitwa kesho. Leteni madaftari kwenye tawi. Tawi litaandika barua moja kwa jina la wote, na nakala itabaki kwetu. Mwajiri akikataa, tutakwenda kwa Ofisa wa Kazi. Ikishindikana huko, iko Mahakama ya Viwanda. Njia hiyo ni ndefu, na hatuwadanganyi kwamba kila anayeifuata hushinda. Lakini asiye na daftari hana hata pa kuanzia.

Usibonyeze kidole kwenye karatasi usiyosomewa katika lugha unayoisikia. Mwambie karani, "Nipe nakala, nitairudisha kesho." Akikunyima nakala, jua karatasi ile haikuandikwa kwa faida yako.

Na ninyi viongozi wa matawi, kazi hii isiishie kwenye mikutano. Piteni kwenye mageti wakati wa chakula, mwulize kila mtu ameanza lini, na mwandike. Mwenye mkataba asimdharau asiye nao. Siku tajiri atakapotaka kupunguza mshahara wa mwenye mkataba, atamwonyesha kundi la watu wasioandikwa walio nje ya geti, na hapo kila mtu atajua kwamba tulikuwa katika mtumbwi mmoja.

Warumi walilipa neno hili maana ya kuanguka, na kuanguka hutupata sote. Tulichobakiza mkononi mwetu ni kuandika siku tulizosimama, na kuziandika pamoja.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.